Je, Wajua? Mwembe, Jua la Utosini na Ploti ya Hamsini kwa Mia

Pita barabara ya Ukunda kwenda Lunga Lunga saa saba mchana, mwezi wa Februari, na hutahitaji kuuliza watu wako wapi. Wako chini ya miti. Boda boda wameegesha hapo, muuza samaki ametandika gunia lake hapo, na mzee anayengoja matatu amesogea hapo hata kama steji yenyewe iko hatua thelathini mbele. Hapa Mwabungo, kaunti ya Kwale, bado kuna miembe, mikorosho na minazi iliyopandwa na watu ambao hawapo tena. Lakini mashamba yanakatwa ploti, na ploti ikinunuliwa kazi ya kwanza huwa ni kufyeka. Haya ni mambo machache kuhusu kivuli, mengine ya hapa Kwale na mengine ya mbali, ambayo mwenye ploti na afisa wa mipango ya mji wangefaa kuyajua kabla panga halijatoka alani.

Jua la Mwabungo hubadili upande

Mwabungo iko kusini mwa ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi 4. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Ukisimama nje wakati huo, kati ya saa sita na saa saba, nguzo ya umeme iliyonyooka haina kivuli cha kukutosha hata kidole. Kutoka Oktoba hadi Machi jua la mchana hukaa upande wa kusini na vivuli huangukia kaskazini. Kutoka Machi hadi Oktoba mambo hugeuka. Mti wa mita 10 hutoa kivuli cha mita 5 na kidogo kuelekea kusini mwishoni mwa Juni, na cha mita 3 na nusu kuelekea kaskazini mwishoni mwa Desemba.

Hiyo ina maana kubwa kwa anayepanga mji. Vitabu vingi vya upandaji miti vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana huwa upande mmoja mwaka mzima na mti wa pembeni hutupa kivuli kirefu. Kwetu, kivuli cha mchana kiko chini ya matawi yenyewe. Mti ukiwa umesimama ng'ambo ya mtaro, mwenda kwa miguu aliye upande huu hapati kitu. Matawi lazima yawe juu ya kichwa chake. Na kwa nyumba, jua linalotesa zaidi ni la saa tisa na saa kumi, linapoupiga ukuta wa magharibi sawasawa na kuuacha na joto ambalo wenye nyumba watalala nalo. Kama una nafasi ya mti mmoja tu, upande ulio karibu na ukuta huo ndio wake.

Chini ya mti hewa haipoi sana

Ukiweka kipimajoto kivulini chini ya mti mmoja na kingine kivulini chini ya ukingo wa paa, utashangaa tofauti ilivyo ndogo, pengine nyuzi moja au mbili. Mbona basi mwili unahisi umeokoka? Kwa sababu joto linalotuumiza mchana haliji kwa hewa peke yake. Linakuja moja kwa moja kutoka kwenye jua, kisha linarudi tena kutoka kwenye lami, mabati na kuta zilizokwisha kuchomeka. Mti unakata njia hizo zote kwa pamoja. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inasema lami, kuta na mapaa yaliyo kivulini yanaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko yaliyo juani wakati wa joto kali. Mtoto anayetembea pekupeku kutoka madrasa anaijua tofauti hiyo bila kusomeshwa.

Kuna jambo la pili, na hili ni la Pwani hasa. Majani hupoza hewa kwa kutoa mvuke wa maji. Hewa ya Pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo faida hiyo kwetu ni ndogo kuliko bara, na upepo unakuwa na thamani kubwa zaidi. Mti wenye matawi yanayogusa chini unazuia kusi na kaskazi visipite. Wazee waliokata matawi ya chini ya mwembe hadi mtu aweze kusimama wima na kutandika mkeka chini yake walikuwa wamefanya usanifu sahihi kabisa: paa juu, pande zote wazi.

Ploti ya hamsini kwa mia inahitaji miembe miwili tu

Wataalamu wa misitu ya mijini siku hizi hutaja kanuni ya 3-30-300, iliyotolewa mwaka 2021 na Cecil Konijnendijk: kila mtu aone angalau miti 3 akiwa nyumbani kwake, kila mtaa uwe umefunikwa na matawi kwa asilimia 30, na kusiwe na zaidi ya mita 300 kutoka mlangoni hadi kwenye bustani au msitu wa karibu.

Asilimia 30 inasikika kama msitu. Tuifanyie hesabu ya Mwabungo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita za mraba 465 hivi. Asilimia 30 yake ni karibu mita za mraba 140. Mwembe wa kienyeji uliokomaa, wenye matawi yaliyotanda upana wa mita 10, unafunika mita za mraba 78. Miembe miwili imetosha na imezidi. Nyumba inabaki na nafasi yake, choo na tangi la maji pia, na watoto bado wana uwanja.

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu. Mti wenye upana wa mita 5 haufuniki nusu ya eneo la mti wa mita 10. Unafunika robo. Ukikata mwembe mmoja mkubwa unahitaji miti minne ya nusu ya upana wake ili kurudi ulipokuwa, na unahitaji miaka ya kuingoja ikue. Ndiyo maana ahadi ya kupanda miche kumi kwa kila mti unaokatwa haituonyeshi mengi: inahesabu mashina, ilhali kivuli hupimwa kwa matawi.

Tahadhari moja kwa wanaonunua miche. Mwembe wa kubebeshwa, ule unaozaa baada ya miaka mitatu au minne, umetengenezwa ubaki mfupi ili maembe yachumwe kwa urahisi. Ni mzuri kwa soko. Ukitaka mti wa kukalia, panda kokwa la dodo au la embe la kienyeji na uwe na subira.

Mnazi na mbuyu haihesabiki ulivyodhani

Hakuna mti unaopigwa picha Diani kuliko mnazi, na hoteli na majengo mapya hupanda minazi kandokando ya njia zao kwa mapambo. Lakini mnazi una shada moja la makuti juu ya shina refu, na jua hupenya katikati yake. Minazi ikiwa mingi na imekaribiana kivuli kinapatikana. Mmoja mmoja kandokando ya barabara hautoi kitu, na tena nazi hazichagui kichwa cha kuangukia.

Mbuyu nao ni mkubwa kuliko miti yote tunayoijua, ila hupukutisha majani na kukaa mtupu miezi mingi ya ukavu, wakati tunapouhitaji zaidi. Mbuyu tunautunza kwa sababu nyingine. Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa mizima mizima Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Wengi wa watu wa Pwani waliona uchungu ule ule: mti uliokuwapo kabla ya babu wa babu, umelazwa juu ya lori.

Katiba ya Kenya imetaja miti kwa asilimia

Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti juu ya angalau asilimia 10 ya eneo la nchi. Tathmini ya rasilimali za misitu iliyotolewa kwa takwimu za 2021 ilionyesha kwamba miti inafunika asilimia 12.13 ya Kenya. Shabaha mpya ya taifa ni asilimia 30 ifikapo 2032, kwa kupanda miti bilioni 15.

Ugumu ni kwamba asilimia ya nchi nzima haimfuniki mtu wa steji. Msitu wa Shimba Hills unaweza kuipandisha takwimu ya Kwale bila Ukunda kupata jani moja. Mji unahitaji asilimia yake, na mtaa unahitaji yake, ikiandikwa kwenye ramani ile ile inayoonyesha barabara na mitaro. Ulaya wamekwisha kufanya hesabu ya namna hiyo hadi kwenye vifo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2023 ulichunguza miji 93 na kukadiria kwamba, kama matawi yangefunika asilimia 30 ya kila mji, vifo 2,644 kati ya takriban 6,700 vilivyosababishwa na joto la mijini kiangazi cha 2015 vingeepukika.

Unaweza kuupima mtaa wako kwa nukta mia

Huhitaji ndege wala mhandisi. Chukua picha ya setilaiti ya mtaa, ile inayopatikana bure kwenye simu au kompyuta, na uichore mpaka. Tawanya nukta 100 ndani ya mpaka huo bila kuchagua pa kuziweka. Ukichagua, jicho litakudanganya. Kisha pitia nukta moja moja ukiuliza swali moja: imeangukia majani au haikuangukia? Nukta 24 zikiangukia majani, mtaa umefunikwa kwa asilimia 24 hivi. Kwa nukta 100 unaweza kukosea kwa pointi nane au tisa juu au chini; kwa nukta 500 kosa linashuka hadi pointi nne. Maafisa wa miji mikubwa duniani hutumia njia hii hii. Darasa moja la shule ya upili linaweza kuifanya Mwabungo kwa alasiri moja, likairudia baada ya miaka mitano, na kuwa na ushahidi ambao hakuna mkutano wa baraza unaoweza kuupuuza.

Paa la majani la zamani zaidi hapa jirani halikupandwa

Kaya Kinondo iko karibu na Mwabungo, kando ya bahari. Ni msitu mdogo wa hekta 30 hivi, uliohifadhiwa na Wadigo kama mahali patakatifu, na mwaka 2008 uliingizwa na UNESCO pamoja na makaya mengine ya Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni haingii hivi hivi. Anafungwa kaniki nyeusi, anapewa masharti na mwongozaji, na hatoki na kitu, hata ukuni wala jani.

Inafaa uende ukauone msitu huo kwa jicho la mtu wa mipango. Chini hakuna udongo wa kusifiwa. Ni mwamba wa matumbawe, wenye ncha na mashimo, ule ule unaotuvunjia sururu tukichimba msingi wa nyumba. Mizizi imeukumbatia mwamba, imeteremka kwenye nyufa zake na kutafuta unyevu ulikojificha. Juu, miti mirefu imetanda, chini yake kuna ya kimo cha kati, halafu vichaka na miche inayongoja mti mkubwa uanguke ili ipate mwanga. Mtu asiniambie kwamba ardhi ya mawe ya Pwani haioti miti ya kivuli. Inaota, ila kwa wakati wake, na majani yaliyoanguka yakiachwa pale pale yaoze. Sisi tunaofagia uwanja kila asubuhi na kuchoma taka za majani tunauchoma udongo ambao mti ungejitengenezea.

Sheria za kaya, za kutokata na kutookota, zimefanya kazi ambayo sheria za misitu za serikali zimeshindwa kuifanya sehemu nyingi. Zilikuwa na wenyewe waliozisimamia, waliokuwa wakiishi karibu na kumjua kila anayeingia.

Mbega wa Diani wana madaraja yao

Mbega wa Angola, yule mweusi mwenye mabega meupe, nchini Kenya anapatikana hasa huku Kwale. Anakula majani, hana kidole gumba cha maana mkononi, na karibu maisha yake yote hupita juu ya miti. Matawi ya pande mbili za barabara yakikatwa yasigusane, mbega hulazimika kushuka kwenye lami. Wengi waligongwa na magari. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997, limetundika juu ya barabara ya ufukweni ngazi za kuvukia, na mbega, tumbili na kima huzipita kila siku.

Ngazi hizo zinatufundisha jambo kuhusu kivuli cha watu pia. Mti mmoja mmoja ulioachana na mwenzake ni kituo cha kupumzikia. Miti inayogusana ni njia. Mwanafunzi anayetembea kilomita mbili kwenda shuleni hafaidiki na mwembe mmoja mzuri ulio katikati ya safari.

Mwarobaini wa Arafa

Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, ulikuja Pwani yetu kutoka pande za Bara Hindi. Hustahimili ukame, huota kwenye mawe, na kwa miezi mingi majani hayauachi. Kwa sifa hizo ulichaguliwa kwa kazi ambayo mahujaji wetu wanaifahamu: katika uwanda wa Arafa, karibu na Makka, ilipandwa miarobaini takriban 50,000 ili kuwapa mahujaji kivuli siku ya kisimamo. Hujaji kutoka Kwale anayekwenda huko anakalia kivuli cha mti aliouacha nyuma ya nyumba yake.

Lakini sifa zile zile ni balaa msituni. Ndege na popo hula tunda lake na kudondosha mbegu mbali, na sasa mwarobaini umeingia katika misitu ya Pwani, makaya yakiwemo, ukisongamana na miti ya asili. Kandokando ya barabara na katikati ya soko ni mti wa maana. Karibu na kaya nisingeupanda. Ningechagua mkwaju, unaokua taratibu lakini una kivuli kizito na tunda linalouzika, au mbambakofi, ambao ni wa hapa hapa.

Jongoo waliojenga msitu

Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali ambapo mwamba ulikuwa umechimbwa hadi karibu na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizobaki hai zilikuwa tatu, mvinje mmojawapo. Mvinje ukakua vizuri, ila vijani vyake vyembamba vilirundikana chini bila kuoza, kwa hiyo udongo haukupatikana. Haller akaleta jongoo wenye miguu myekundu. Jongoo wakala vijani, mavi yao yakawa mboji, na miti mingine ikapata pa kushika. Leo watu wanatembea kivulini pale panapoitwa Haller Park.

Mvinje upo kwa wingi Kwale pia. Gazi, jirani kabisa na Mwabungo, mradi wa Mikoko Pamoja unaolinda hekta 117 za mikoko kwa kuuza hewa ya ukaa una mivinje iliyopandwa nchi kavu ili watu wapate nguzo za kujengea bila kuvamia mikoko. Hilo ni jambo jema. Mpangaji wa kivuli akumbuke tu kwamba mivinje ya nguzo hukatwa baada ya miaka michache, kwa hiyo asiihesabu kama paa la kudumu la mtaa.

Miti iliyopandwa kwa wapita njia

Watu wa Pwani walipanga kivuli kabla ya kuwapo ofisi za mipango. Miembe ya Tabora na Ujiji ilisambaa na misafara ya biashara ya karne ya 19, na hadi leo inaonyesha misafara ilipopita. Historia hiyo ina machungu yake, kwa kuwa waliopita pale ni pamoja na watu waliotekwa. Unguja, njia ya miembe ya Bungi inahusishwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said. Na mbele ya bandari ya Mji Mkongwe, mafundi wamekuwa wakiunda na kukarabati mashua chini ya mti mkubwa wa jamii ya mtini uliopandwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Nairobi, Novemba 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mugumo mmoja wa Westlands wenye umri wa karne moja ulikuwa ukatwe. Watu wakapiga kelele, Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri ulindwe, na barabara ikapita bila kuung'oa. Mti ule uliokolewa na amri ya rais. Mingine ya njia ile haikupata amri.

Kwingineko kazi hii imepewa bajeti na tarehe. Singapore ilijitangaza mji wa bustani mwaka 1967. Melbourne mwaka 2012 iliweka shabaha ya kutoka asilimia 22 hadi 40 ifikapo 2040. Medellín ilipanda njia 30 za kijani na kushusha joto kwa karibu nyuzi 2. Freetown, mji wa Afrika wenye joto kama letu, ulianza mwaka 2020 kampeni ya miti milioni moja, na kila mche hupigwa picha na kufuatiliwa kwa simu na wakazi wanaolipwa kuutunza. Jambo hilo la mwisho ndilo ningeliiba kwanza.

Novemba si mwezi wa Mwabungo

Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Kwa sehemu nyingi za nchi, zenye mvua nzuri ya vuli, tarehe hiyo ilifaa. Huku Kwale mvua kubwa ni ya masika, Aprili hadi Juni, na mwezi wa Mei ndio kilele chake. Mche unaotiwa ardhini katikati ya Novemba una wiki chache tu kabla kaskazi haijaanza kuvuma na jua la Januari halijapasua udongo. Unaopandwa Aprili una miezi minane ya kuteremsha mizizi kwenye nyufa za mwamba. Mwaka 2024 siku ya kupanda miti iliwekwa tarehe 10 Mei, wakati taifa likiomboleza waliokufa kwa mafuriko. Kaunti ina uwezo wa kujichagulia tarehe yake: shimo lichimbwe Machi ardhi ikiwa kavu, lijazwe majani na samadi, mche uingie mvua ya pili ya Aprili, na ndoo moja ya maji iwekewe mtu maalumu wa kuimwaga kila baada ya siku mbili kuanzia Desemba hadi Machi, kwa misimu miwili ya kaskazi.